Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Maisha ya T. B. Walker, Mfanyabiashara wa Mbao na Mkusanyaji wa Picha

Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Methali hii tunaifundisha darasani mwaka hata mwaka, na kwa kawaida tunaifasiri kwa njia moja tu: kwamba chombo kizuri tukionacho majini ni tunda la jasho la fundi. Tafsiri hiyo ni sahihi, lakini haikamiliki. Chombo hakiundwi kwa jasho peke yake. Huundwa kwa mti pia. Na mti huo, kabla ya kuwa ubao, ulikuwa umesimama mahali fulani, katika nchi ya watu fulani. Anayetaka kukijua chombo barabara hana budi kuuliza maswali mawili: nani alikiunda, na mti ulitoka wapi?

Katika makala haya nakusudia kuyauliza maswali hayo mawili juu ya maisha ya mtu mmoja, Thomas Barlow Walker wa Minneapolis, Marekani. Mtu huyu alitajirika kwa kukata misonobari na kupasua mbao, na utajiri huo akautumia kununua picha, vyombo na vito, ambavyo baadaye aliwafungulia watu wote waje kuvitazama bila malipo. Jina lake lingali likisomeka juu ya mojawapo ya nyumba mashuhuri za sanaa nchini mwake. Maisha ya watu wa aina hii huandikwa ama kwa sifa tupu ama kwa lawama tupu. Nitajaribu kuonyesha kwamba njia zote mbili zinamnyima mwanafunzi sehemu ya ukweli.

Yatima wa Ohio

Walker alizaliwa tarehe 1 Februari 1840 katika mji wa Xenia, jimbo la Ohio. Mwaka 1849 baba yake aliaga nyumbani, akaandamana na maelfu ya watu waliokuwa wakikimbilia dhahabu iliyogunduliwa California. Hakufika. Kipindupindu kilimwua njiani, akaacha mjane na watoto wadogo. Thomas alikuwa na umri wa miaka tisa. Msomaji aikumbuke safari hii isiyofika, maana tutakutana na California tena kabla ya mwisho wa habari.

Mtoto huyo alianza kazi za kibarua mapema. Familia ilihamia Berea, katika jimbo lilo hilo, mahali palipokuwa na shule nzuri, naye Thomas akasoma katika chuo cha Baldwin kwa vipande vipande: muhula mmoja darasani, muhula mwingine kazini kutafuta ada. Somo alilolipenda kuliko yote ni hesabu. Waandishi wa habari zake wanasimulia kwamba nusura awe mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Lakini majibu ya maombi yake yalipotoka, alikwisha kushika njia nyingine.

Njia hiyo ilianzia katika vinoo. Mji wa Berea ulisifika kwa mawe yake ya mchanga, ambayo yalichongwa kuwa mawe makubwa ya mviringo ya kunolea mashoka na misumeno. Walker aliajiriwa na Fletcher Hulet, mwenye kazi ya kutengeneza mawe hayo, awe mchuuzi wake wa kusafiri. Kwa hiyo, kabla hajawahi kuangusha mti hata mmoja, Walker alikuwa akiuza kitu kinachotia makali shoka. Na katika nyumba hiyo ya Hulet ndimo alimopata mchumba, binti yake Harriet, ambaye alifunga naye ndoa mwezi Desemba 1863. Walijaliwa watoto wanane.

Mwaka 1862

Mwaka 1862, akiwa katika safari za kuuza vinoo kando ya mto Mississippi, Walker alikutana na raia mmoja wa Minneapolis aliyeusifu sana mji wake. Akapanda meli kwenda kaskazini hadi St. Paul. Inasimuliwa kwamba kijana mmojawapo aliyehusika na kuyapokea mawe yake bandarini alikuwa karani aliyeitwa James J. Hill. Karani huyo baadaye akawa tajiri mkubwa wa reli, na yeye pia akawa mkusanyaji wa picha.

Yatufaa sisi walimu wa lugha tusimame kidogo kwenye majina. Minneapolis ni jina lililoungwa na vipande viwili: "mni", yaani maji katika lugha ya Wadakota, na "polis", yaani mji katika Kiyunani. Mississippi latokana na lugha ya Waojibwe, na maana yake ni mto mkubwa. Basi mgeni aliyefika 1862 alikuwa akiyatamka maneno ya wenyeji kila alipotaja mahali alipo, awajue wenyeji hao au asiwajue.

Minneapolis ilijengwa penye maporomoko ya maji ya St. Anthony, ambayo Wadakota huyaita Owamniyomni. Nguvu ya maporomoko hayo ndiyo iliyozungusha mitambo ya kusaga ngano na misumeno ya kupasua magogo. Walker alipata kazi katika kundi la wapimaji wa serikali waliokuwa wakienda kaskazini, kwenye misitu, kuigawa nchi katika viwanja vya miraba ili ipate kuuzwa.

Mwezi Agosti mwaka uo huo vita vikazuka. Kwa mikataba ya 1851 Wadakota walikuwa wamelazimika kuachia sehemu kubwa ya nchi yao, wakabakiwa na ukanda mwembamba kando ya mto Minnesota. Malipo waliyoahidiwa yalicheleweshwa. Chakula kilikuwa ghalani huku watoto wao wakilala njaa. Baadhi yao wakashika silaha. Mamia ya walowezi waliuawa, na Wadakota wengi pia. Baada ya kushindwa, watu 303 walihukumiwa kifo katika mashauri ambayo mengine yalimalizika kwa dakika chache tu. Rais Abraham Lincoln aliyapitia majalada, akapunguza idadi. Tarehe 26 Desemba 1862, mjini Mankato, Wadakota 38 walinyongwa kwa mara moja juu ya jukwaa moja la mbao. Hakuna unyongaji mwingine wa halaiki ulioamriwa na serikali ya Marekani uliofikia idadi hiyo kwa siku moja. Wadakota waliosalia walifukuzwa jimboni.

Kazi ya upimaji ilikatizwa na vita hivyo, kisha ikaendelea. Walker hakupigana, wala hakumhukumu mtu. Lakini mnyororo wake wa kupimia na jukwaa la Mankato vilikuwa sehemu mbili za jambo moja: nchi ilikuwa ikibadilisha wenyewe.

Elimu ya msitu

Katika miaka iliyofuata Walker alizunguka porini akipima ardhi, pengine kwa serikali, pengine kwa kampuni za reli. Huko aliona kile ambacho matajiri wa mjini hawakukiona. Msonobari mweupe wa kaskazini ni mti mrefu, ulionyooka, mbao zake ni laini kwa randa na msumeno. Na lililo muhimu zaidi, gogo lake huelea vizuri. Katika nchi isiyokuwa na barabara, mti unaoelea hujisafirisha wenyewe. Walker alijua misonobari mizuri iko wapi, ni mingi kiasi gani, na mto gani uko karibu. Fedha hakuwa nazo. Mwishoni mwa miaka ya 1860 akaingia ubia na Dakta Levi Butler na Howard Mills: wao wakatoa mtaji, yeye akatoa maarifa. Hivi ndivyo mtoto wa kibarua alivyoingia katika biashara ya mbao.

Kazi yenyewe ilifuata majira. Miti ilikatwa wakati wa baridi, ardhi ikiwa imeganda. Njia zilimwagiwa maji usiku ili yawe barafu, na asubuhi farasi wakavuta juu yake mikokoteni isiyo na magurudumu, iliyorundikwa magogo marefu kuliko kimo cha nyumba. Kila gogo liligongwa mhuri kwenye ncha yake kwa nyundo maalumu, ili lijulikane ni la kampuni gani. Theluji ilipoyeyuka na mito kufurika, magogo yalisukumwa majini, nao wanaume wenye viatu vya misumari wakarukaruka juu yake kwa miti mirefu yenye ncha za chuma, wakiyazuia yasikwame. Wengi walikufa maji. Huko chini, karibu na viwanda, magogo yalichambuliwa kwa mihuri yake, kila mwenye mali akachukua yake.

Ubia ulibadilika mara kadhaa, na biashara ikazidi kukua. Katika miaka ya 1880 Walker na wanawe waliunda Kampuni ya Mbao ya Red River, iliyokuwa na viwanda huko Crookston na Grand Forks, kaskazini-magharibi. Karibu mwaka 1900 Minneapolis ilikuwa mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya mbao duniani. Miji mingi ya nyanda zisizo na miti, huko Dakota na Nebraska, ilijengwa kwa mbao zilizotoka huku.

Msitu uliosemwa kwamba hautakwisha ukaanza kwisha. Walker aliliona hilo mapema, akaanza kununua misitu ya California, akakusanya mamia ya maelfu ya ekari. Mwaka 1913 kampuni yake ikajenga huko mji mzima wa Westwood, pamoja na kiwanda kikubwa. Kule ambako baba aliifia njiani dhahabu ya ardhini, mwana alifika akaikuta dhahabu iliyosimama.

Jambo moja la kampuni hiyo litawavutia walimu wa fasihi simulizi. Wakata miti walikuwa na desturi ya kupigiana soga jioni kambini juu ya jitu liitwalo Paul Bunyan, mkata miti asiyekuwa na kifani, na fahali wake wa rangi ya buluu. Mwaka 1914 Kampuni ya Red River ilichapisha kijitabu cha matangazo kilichoandikwa na kuchorwa na William Laughead, ambacho kilizitumia hadithi hizo kuuzia mbao. Vijitabu vilivyofuata vilienea nchi nzima, na leo Bunyan anajulikana na kila mtoto wa Kimarekani. Hivyo ngano za vibarua zikawa chombo cha biashara. Na biashara nayo ikaziokoa ngano zisipotee, ingawa ilizibadilisha.

Nyumba yenye mlango wazi

Sasa tuziangalie picha. Mwaka 1874 Bwana na Bibi Walker walijijengea nyumba kubwa katika barabara ya Hennepin, mjini Minneapolis. Kuta tupu zilihitaji pambo. Miongoni mwa picha za kwanza alizonunua Walker ni sura ya George Washington iliyochorwa na Rembrandt Peale. Alianza kama aanzavyo tajiri yeyote anayepamba sebule. Lakini mnamo 1879 aliongeza chumba chenye paa la kioo, ili mwanga wa jua uangukie picha kutoka juu, kisha akaufungua mlango kwa umma. Hapakuwa na kiingilio. Mtu wa kazi yoyote aliweza kuingia katika nyumba ya tajiri na kusimama mbele ya picha. Katika sehemu hizo za Marekani, miji mingi ilikuwa haijapata kuona nyumba ya sanaa ya aina yoyote. Vyumba viliongezwa mwaka hata mwaka, mpaka nyumba ya sanaa ikawa kubwa kuliko nyumba ya kuishi.

Tabia hiyo ya kufungua milango ilionekana kwingine pia. Minneapolis ilikuwa na maktaba iliyoitwa Athenaeum, mali ya wenye hisa. Walker alipigania ifunguliwe kwa watu wa kawaida. Alinunua hisa akazigawa kwa wasioweza kuzinunua. Wenzake wengine hawakupendezwa. Hatimaye maktaba ya umma ilianzishwa, ikafungua jengo lake mwaka 1889, na Walker akawa mwenyekiti wa bodi yake tangu 1885 hadi alipokufa. Bibi Harriet naye alikuwa na mlango wake: mwaka 1882 aliongoza wanawake wenzake kuanzisha hospitali ya wanawake na watoto, iliyoajiri madaktari wanawake na kufundisha wauguzi, wakati ambapo hospitali nyingi hazikumkubali daktari mwanamke.

Je, Walker alikusanya nini? Karibu kila kitu. Alinunua picha za Wafaransa waliochora mashamba na misitu, kama Corot na Rousseau. Alinunua vyombo vya udongo vya Uchina na vya Wayunani wa kale, sarafu, vioo, na vinyago vya Kichina vilivyochongwa katika jiwe gumu la kijani liitwalo jedi. Alinunua pia zaidi ya sura mia moja za machifu na watu mashuhuri wa mpakani zilizochorwa na Henry H. Cross, wengi wao wakiwa wenyeji asilia waliokuwa wakiitwa Wahindi Wekundu.

Macho yake hayakuwa makali kama vinoo alivyouza. Katika orodha za mali yake alijivunia majina ya Raphael, Rembrandt na mabingwa wengine wa Ulaya. Wataalamu waliokuja baadaye wakaona kwamba picha nyingi kati ya hizo hazikuwa za mikono hiyo. Mtu aliyeweza kukadiria kwa jicho mbao zitakazotoka katika msonobari mmoja alidanganyika mbele ya turubai. Jambo hili lisitushangaze. Msituni alijifunza kwa miguu yake mwenyewe. Sanaa alijifunza kwa wauzaji.

Deni la msitu

Hapa ndipo panapotupasa kuuliza swali la pili la methali yetu: mti ulitoka wapi?

Misonobari ya kaskazini ilisimama katika nchi ya Waojibwe. Kwa mikataba ya 1837 na 1855, na mingine iliyofuata, eneo kubwa la misitu hiyo lilipita mikononi mwa serikali, na kutoka kwa serikali likauzwa kwa wafanyabiashara. Waojibwe walibaki katika maeneo waliyotengewa, mojawapo likiwa Leech Lake. Huko nako hawakuachwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 wahandisi wa jeshi walijenga mabwawa kwenye maziwa yaliyo chanzo cha Mississippi, ili maji yasipungue kwa meli na kwa viwanda vya Minneapolis. Maji yalipanda, yakafunika makaburi na vijiji, pamoja na sehemu ambamo Waojibwe walivuna mpunga wa mwituni, chakula chao kikuu. Baadaye sheria iliruhusu miti iliyokufa au kuanguka katika ardhi yao iuzwe. Wenyeji walilalamika kwamba misonobari mizima ilichomwa moto makusudi ili ihesabiwe imekufa, na bei waliyolipwa ilikuwa ya dhuluma. Malalamiko hayo yalichangia mapigano ya Oktoba 1898 mahali paitwapo Sugar Point, ambapo wanajeshi sita wa serikali waliuawa. Wanajeshi hao walikuwa wamefika kwa reli katika mji mdogo ulio ukingoni mwa ziwa la Leech. Mji huo unaitwa Walker, kwa heshima ya mfanyabiashara wetu.

Simtaji ili nimtwike makosa ya kila mtu. Mabwawa hakuyajenga yeye, wala jeshi halikuwa lake. Lakini gogo lililoelea kwenda Minneapolis lilielea juu ya maji yaliyofunika mpunga wa Waojibwe, na sehemu ya bei ya gogo hilo ikageuka kuwa picha ukutani. Msitu wenyewe ulidai malipo yake pia. Wakata miti waliacha matawi na mabaki yakikauka chini, na tarehe 1 Septemba 1894, baada ya kiangazi kikali, moto uliteketeza mji wa Hinckley na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 400 walikufa kwa muda wa saa chache. Hilo nalo halikuwa kosa la mtu mmoja, bali la namna ya kazi ambayo wote waliifuata.

Tuzitazame tena zile sura za machifu zilizochorwa na Cross. Tajiri wa misonobari alizitundika ukutani kwa fahari. Twaweza kuamini kwamba aliwastahi watu hao. Lakini yatupasa kuona pia kwamba wakati huo huo watu wenyewe walikuwa wakihangaika, na nyumba yenye nafasi kwa nyuso zao haikuwa na nafasi kwa madai yao.

Urithi

Walker alipozeeka alitaka kuukabidhi mji mkusanyo wake pamoja na kiwanja kilimani Lowry. Mazungumzo na wakuu wa mji yalichukua miaka, yakavunjika. Basi akajenga mwenyewe. Jengo lilifunguliwa 1927, naye akafariki tarehe 28 Julai 1928, akiwa na umri wa miaka 88. Bibi Harriet alikuwa amemtangulia mwaka 1917.

Muda si muda, hali mbaya ya uchumi ya miaka ya 1930 iliidhoofisha nyumba hiyo. Iliokolewa na mpango wa serikali wa kuwapa kazi wasanii na mafundi wasiokuwa na ajira. Na mwezi Januari 1940 ikafunguliwa upya kwa jina la Walker Art Center, ikiwa kituo cha sanaa ya kisasa chenye madarasa ya kila mtu. Mwaka 1942 ilinunua picha ya Mjerumani Franz Marc iitwayo "Farasi Wakubwa wa Buluu", iliyochorwa 1911, picha ambayo pengine mzee Walker angeipita bila kugeuka. Kadiri miaka ilivyopita, sehemu kubwa ya vitu alivyokusanya viliuzwa ili kupata vipya. Jengo lake lilibomolewa, na jipya likafunguliwa 1971. Bustani ya sanamu ikaongezwa ng'ambo ya barabara mwaka 1988.

Basi kilichobaki cha Walker ni nini? Picha zake nyingi hazipo. Jengo halipo. Kilichobaki ni ule mlango aliouacha wazi mwaka 1879. Nao mlango ukiwa wazi, hauchagui nani atakayeingia.

Mwaka 2017 deni la zamani liliingia kupitia mlango huo. Kituo kilikuwa kimesimamisha bustanini kazi kubwa ya msanii Sam Durant iitwayo "Scaffold", yaani jukwaa la kunyongea. Ilikuwa ya mbao na chuma, na iliunganisha maumbo ya majukwaa saba yaliyotumika Marekani kati ya 1859 na 2006. Mojawapo lilikuwa la Mankato. Msanii alikusudia kulaani adhabu ya kifo; lakini Wadakota hawakuulizwa. Walipoliona jukwaa lile lililowaua babu zao limesimama hadharani, mahali ambapo watoto wangeweza kulipanda na kucheza, walikusanyika kwenye uzio wakapinga. Mkuu wa kituo aliomba radhi. Msanii, kituo na wazee wa Kidakota walikaa pamoja, wakakubaliana kwamba kazi ile ibomolewe, na msanii akawakabidhi Wadakota haki zake zote juu yake. Ubomoaji ulianza mwezi Juni kwa sherehe ya Kidakota, na baadaye mbao zile zikazikwa.

Mbao zikazikwa! Nyumba iliyozaliwa na mbao ilifundishwa, baada ya miaka karibu 140, kwamba ubao nao una kumbukumbu.

Habari haikuishia hapo. Mwaka 2021, katika bustani ile ile, kilizinduliwa kitu kipya kilichobuniwa na Angela Two Stars, msanii wa Kidakota. Kinaitwa "Okciyapi", maana yake "saidianeni". Ni mahali pa kuketi palipopangwa kwa mizunguko, pameandikwa maneno ya Kidakota, ili apitaye asome, asikie, ajifunze lugha ambayo wasemaji wake walipungua sana. Kwa ajili ya kuikumbuka nchi yao, Wadakota waliweka lugha yao. Na kaskazini, sheria iliyopitishwa mwezi Desemba 2020 iliamuru Waojibwe wa Leech Lake warudishiwe ekari 11,760 za msitu. Ukilinganisha na kilichoondoka, ni kidogo. Lakini ni kukiri kwamba mti ulikuwa na mwenyewe.

Funzo kwa mwalimu

Tutamhukumuje basi mtu kama Walker mbele ya wanafunzi wetu? Anayesema alikuwa mfadhili tu, amekitazama chombo bila kuuliza juu ya mti. Anayesema alikuwa mnyang'anyi tu, ameutazama mti bila kuuliza juu ya fundi. Matajiri wengine wa mbao walikata misitu ile ile, na milango yao ikabaki imefungwa. Majina yao hayajulikani ila kwenye makaburi yao. Walker aliufungua wake, na kwa kuufungua akawapa vizazi vya baadaye mahali pa kumdai. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo zawadi yake kubwa, ingawa yeye mwenyewe hakuidhamiria.

Napendekeza basi kwamba tunapofundisha methali ya vyaelea na kuundwa, tusiishie kwa fundi. Tumpe mwanafunzi chombo chochote anachokifahamu, dawati lake, mlango wa shule, boriti za paa la darasa, tumwambie aandike insha yenye sehemu mbili: nani alikiunda, na mti ulitoka kwa nani. Sehemu ya kwanza itamfundisha kushukuru. Ya pili itamfundisha kuuliza. Na elimu isiyokuwa na yote mawili ni kama gogo lisilo na mhuri: laelea, lakini hakuna ajuaye ni la nani.